Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kisumu: hao vijana wa skuta wapeni njia ya kupita na ukweli wa kusema

Kwa nyinyi mnaoshika mji huu wetu, wa kaunti, wa barabara, wa utalii, pamoja na wale wa makumbusho ya taifa maana hii habari inawafikia nao.

Salamu kwanza, natumai mko salama na familia zenu. Mimi ni mama wa hapa Kisumu, nilizaliwa kwa nyumba za reli, marehemu baba alikuwa fundi wa mitambo ya meli, na niko na duka dogo la fotokopi na vitabu vya shule pale mjini. Sitafuti tenda, sitafuti kiti, na hao vijana nitakaowataja hakuna hata mmoja wa kwetu. Naandika juu ya masaa mawili ya Jumapili moja asubuhi ambayo mpaka leo hayajanitoka kichwani, na nawaomba msome hadi mwisho hata kama ni ndefu.

Mtoto wa ndugu yangu anaishi Nakuru, alikuja likizo, siku ya pili tu akaniambia anti kuna vijana hapa wanazungusha watu mjini na skuta za umeme wakiwaonyesha majengo ya zamani, twende. Mimi nilikuwa nimeziona zikipita nikadhani ni michezo ya watoto wa matajiri. Nikaenda kwa sababu yake tu. Tulilipa 800 kila mtu, tukafika saa moja asubuhi maana walituambia jua likishapanda la Kisumu mnalijua na mvua yetu ya alasiri haingoji mtu, na hizo skuta hazipendi maji ya kusimama barabarani.

Kwa wale hamjapanda, ni kile kibao cha kusimamia chenye magurudumu mawili madogo na usukani mrefu, betri iko chini ya nyayo zako, mota imefichwa ndani ya gurudumu lenyewe. Unasukuma kwa mguu mara mbili tatu kama unaosukuma mtumbwi kutoka kwa mchanga, alafu unabonyeza kidude kwa kidole gumba na inaondoka. Haina kelele kabisa. Hiyo ndio ilinishangaza zaidi, nimeishi mji huu miaka 52 na sikuwahi kupita Oginga Odinga Street nikiskia ndege, siku zote ni boda, ni tuktuk, ni matatu zinaita abiria, na siku hiyo nimesimama wima, upepo wa ziwa unanigonga usoni, naenda taratibu naangalia juu. Sisi watu wa hapa hatuangaliagi juu jamani. Tunaangalia chini tusikanyage kitu, ama mbele tusigongwe.

Vijana walikuwa wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wote na reflekta, sisi wateja tulikuwa watano na kila mtu na helmeti. Walitufundisha dakika ishirini kwa uwanja mtupu karibu na stesheni ya reli kabla hatujaingia barabarani, kushika breki, kukata kona, kushuka upesi ukiona hatari, na wakafunga spidi za skuta zisipite kilomita 15 kwa saa. Nasema hivi mjue hawakuwa watu wa mchezo, kwa upande wa kuendesha walikuwa wamejipanga vizuri sana.

Shida ilikuwa kwa maneno. Tulianzia stesheni, na kijana wa mbele, mpole, ana sauti nzuri, akatuambia hapa ndio reli ilifika, wazungu waliijenga, haya twende. Basi. Hayo tu. Nikatazama mtoto wa ndugu yangu nikaona ameshaanza kupiga selfi, na mimi nikaskia uchungu, si kwa hasira na yule kijana, uchungu wa mtu anayeona mgeni amekaribishwa nyumbani kwao akapewa maji peke yake na jikoni kuna samaki.

Maana hapo mahali pana habari! Reli ilianza Mombasa 1896, ikatembea zaidi ya kilomita 900 mpaka ikagusa haya maji Desemba 1901, watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga na karibu 2,500 kati yao walikufa njiani kwa magonjwa, ajali na wale simba wa Tsavo. Na wakati reli inafika hapa, hapa hapakuwa Kenya! Sehemu hii ilikuwa ya Uganda, mkoa wa mashariki, ilihamishwa 1902, ndio maana ile reli iliitwa ya Uganda na imeishia Kisumu. Mji wakaubatiza Port Florence, kwa jina la Florence Preston, bibi ya injinia aliyekuwa anatandika zile reli, mama aliyekaa kwa mahema na mume wake safari nzima. Lakini kabla ya Florence kulikuwa na jina la wenyewe, wazee wanatuambia mahali hapa watu walikuja kusuma, yaani njaa ikiingia kwenu unabeba ulicho nacho unakuja kubadilisha na chakula. Soko lilikuwa hapa kabla ya stesheni. Huyo kijana jina la nyumbani kwao ni la Kijaluo kama langu na hakulisema hilo neno hata mara moja, kwa sababu hakuna mtu aliwahi kumwambia linafaa kusemwa mbele ya watalii.

Tukateremka hadi upande wa bandari, langoni mlinzi akatukatalia kusimama, tukaangalia kutoka mbali. Hapo ilibidi nifungue mdomo. Nikawaambia hao wenzangu kwamba meli ya kwanza kubwa ya mvuke ya ziwa hili, William Mackinnon, ilikuja vipandevipande kama meza ya kuunganisha, ikafungwa boliti hapahapa, ikashushwa majini 1900, reli yenyewe haijafika. Nikawaambia miaka ya 1930 ndege za kutua majini zilizotoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika zilikuwa zinashuka hapa Kisumu, zinatua juu ya maji kama bata. Nikawaambia kuhusu Uhuru, ile meli inayobeba mabehewa ya treni tumboni, na dada yake Umoja aliyebaki upande wa Tanzania Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Mimi nilikuwa na miaka kama mitano. Nakumbuka baba alikuja nyumbani akaketi kwa kiti bila kutoa viatu, na mama akatuambia tutoke nje tukacheze. Wenzake aliokula nao miaka mingi ndani ya meli moja walikuwa wa Mwanza na wa Jinja, na hakuagana nao.

Wote walinyamaza. Yule kijana wa mbele akatoa kidaftari mfukoni akaanza kuandika, akaniuliza mama, mwaka gani umesema? Nikamtajia tena.

Sasa nije kwa mnara wa saa, maana hapo ndipo niliamua nitaandika hii barua. Tumefika chini yake, akatuambia hii saa ilijengwa na malkia wa Uingereza. Nikamwuliza umejua aje mwanangu. Akasema nilisikia tu mama. Nikashuka kwa skuta nikasogea kwa lile jiwe la maandishi, nikalipangusa na leso kwa sababu lilikuwa na vumbi na mtu alikuwa amebandika tangazo la nyumba ya kukodisha juu yake, na tukasoma pamoja, yeye kwa sauti, kidole chake kikitembea juu ya herufi. Ni mnara wa ukumbusho wa Kassim Lakha, Mhindi aliyefika Afrika Mashariki 1871 akafa 1910, wanawe ndio walioujenga, na gavana wa wakati huo akaja kuufungua 1938. Hakuna malkia hapo. Ni watoto wanne waliomkumbuka baba yao. Kijana akasimama pale na helmeti mkononi akaniambia mama mimi napita hapa kila siku tangu niwe darasa la tatu.

Waheshimiwa, huyo mtoto hana makosa. Maandishi yako pale tangu 1938 na hakuna aliyemwonyesha, hakuna kibao cha Kiswahili wala cha Dholuo, na shuleni anafundishwa mambo ya mbali kabla ya haya ya mlangoni kwake. Na yeye ndiye ameamua kuamka saa kumi na moja achaji betri awaonyeshe watu mji. Nyinyi mna maktaba, mna makumbusho pale Nairobi Road tangu 1980, mna maafisa wa utamaduni wanaolipwa mshahara. Mpeni huyu kijana kurasa kumi tu za ukweli.

Tukiwa bado hapo mzee mmoja Mhindi akatoka kwa duka lake la vitambaa, alikuwa anatuangalia, akaja pole pole akatusalimia kwa Kijaluo, oyawore, alafu akaingia kwa Kiswahili kile cha watu wa zamani wa mji. Akatuonyesha juu ya duka lake, dirisha za mbao zenye nakshi, akasema babu yake alikuwa analala nyuma ya zile dirisha na kuuza chini, na maduka yote ya mtaa huo yalijengwa hivyo, biashara chini, familia juu, na varanda mbele ili mteja asinyeshewe akisubiri. Akagusa nguzo ya varanda akasema hii mbao haijawahi kubadilishwa. Nikaigusa na mimi. Ilikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani, kwa mikono ya watu. Mtoto wa ndugu yangu ambaye huwa hatoi macho kwa simu alikaa akimsikiliza yule mzee dakika kumi nzima.

Na hatua chache kutoka hapo nikaona mabati ya buluu. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya ghorofa moja yenye varanda kama hiyo, ndipo mama alininunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule, tulisimama kwa ile varanda mvua ikinyesha nikikataa kuvivaa visije vikalowa. Imeenda. Sikatai mji kukua, watu wanataka ofisi na maduka mapya, na mwenye ploti ana haki yake. Lakini sheria ipo ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi, inaruhusu jengo kutangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa la kuhifadhiwa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwa orodha ya urithi wa dunia 2001, mwaka ule ule sisi tukitangazwa jiji tukisherehekea miaka mia. Hao wa Lamu wanakula kutokana na kuta zao hadi leo. Sisi tunazibomoa, alafu tunashangaa watalii wanafika uwanja wa ndege wa Kisumu wanapitiliza kwenda Maasai Mara kuona wanyama. Hebu hesabuni nyumba za Oginga Odinga Street zilizobaki, moja moja, kabla hamjasaini kibali kingine chochote.

Sasa barabara. Kuna sehemu mjini mlitutengenezea vizuri kabla ya ule mkutano mkubwa wa miji ya Afrika wa Mei 2022, kabro imepangwa, njia ya miguu ni pana, miti imepandwa, na kwa hizo sehemu skuta zilikuwa zinateleza kama ziko juu ya kioo, asanteni, hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini ile njia inakatika ghafla. Unatoka kwa kabro unaingia kwa vumbi, kwa mawe, kwa pikipiki zimepaki hadi ukutani, na gurudumu la skuta ni dogo, halifiki hata sahani ya kulia, shimo ambalo baiskeli inaruka, hilo gurudumu linazama ndani.

Mimi ndiye nilizama. Tulikuwa tumeshapita msikiti wa Jamia, ule wa 1919, tunakata kona ya barabara moja ya kando, mfuniko wa mtaro haukuwepo, umeng'olewa na hawa watu wa vyuma chakavu, na mtu alikuwa amefunika pengo kwa katoni. Kwa katoni! Gurudumu la mbele likaingia, mimi nikaenda mbele, goti langu likafunguka na usukani ukapita kama shibri moja hivi kutoka kwa mama aliyekuwa ameketi chini na beseni ya omena, wale dagaa wa ziwa. Beseni ikamwagika nusu. Mimi sikulilia goti, nililia kwa sababu huyo mama alinifuta damu na kitambaa chake cha kichwa kabla hajaokota omena zake, akaniambia pole nyathiwa, yaani mtoto wetu, pole, na alikuwa na mtoto mgongoni ambaye kama ningeanguka upande wa pili sijui sai ningekuwa naandika nini. Tulimlipa omena zote, hakutaka kuzidisha hata shilingi kumi.

Kwa hivyo wale mtakaosema marufuku, nawaelewa, kweli kabisa, nilikuwa hapo. Na najua Paris walifanya hivyo, skuta za kukodisha ziliingia kule 2018 zikawa zinatupwa kila mahali, kwa milango ya watu, kwa mito, wazee wanazikwaa usiku, wakapiga kura Aprili 2023, karibu 9 kati ya kila 10 ya waliojitokeza wakasema zitoke, ingawa waliojitokeza hawakufika hata 8 kwa kila 100, na kuanzia Septemba mwaka huo zikatoka. Lakini angalieni kilichowachosha. Zile zilikuwa za kila mtu kuchukua kwa simu na kuiacha popote, hakuna wa kuulizwa. Hizi za hawa vijana zinatoka pamoja zinarudi pamoja, kuna mtu mbele kuna mtu nyuma, zikilala zinalala kwa stoo yao. Mtu wa kuulizwa yupo na mnajua mahali pa kumpata. Na Ufaransa yenyewe haikusema skuta ni haramu, ilisema mwisho ni kilomita 25 kwa saa, haziendi kwa njia ya watembea kwa miguu, na mtoto wa chini ya miaka 14 hapandi. Kanuni tatu fupi ambazo hata mimi wa fotokopi nazikumbuka.

Sisi hatuna hata moja. Nilimwuliza yule kijana, hii chombo serikali inaihesabu kama nini, baiskeli, pikipiki ama mtembea kwa miguu? Akasema inategemea na yule aliyekusimamisha. Mmoja anamwambia toka barabarani hii si pikipiki, akipanda kando mwingine anamwambia toka huku unagonga watu. Kwa hivyo kila Jumapili anaondoka na watalii nyuma yake hajui kama atarudi nao ama atarudi akijieleza kwa mtu. Mtoto hawezi kufanya biashara hivyo. Na si kwamba hamna mamlaka, Katiba ya 2010 kwa ile Jedwali ya Nne imewapa kaunti barabara za kaunti, taa, trafiki na pakingi, tena imewapa utalii wa hapa nyumbani. Vyote viko kwa mkono mmoja. Kaeni chini mwandike, hata ukurasa mmoja: wapite wapi, saa ngapi, spidi gani, kundi lisizidi wangapi, helmeti lazima, bima lazima ya mteja na ya yule mama wa omena pia, betri zichajiwe mahali penye hewa na mtu akiwepo maana betri ya litiamu ikiharibika inashika moto ambao ndoo ya maji haiuwezi. Alafu mtu akilipa leseni yake aachwe afanye kazi.

Na mifuniko rudisheni tafadhali. Ya saruji, ile ya chuma haikai. Hiyo hata bila skuta ni ya lazima, watoto wa shule wanapita hapo, na vipofu.

Wenzangu wengine wataniambia mama Kisumu ina shida kubwa kuliko skuta za kutembeza wageni, kuna maji, kuna takataka, kuna vijana hawana kazi. Ndio, na hawa ni vijana waliokuwa hawana kazi. Mmoja alikuwa anauza samaki vibanda vya Lwang'ni, kando ya ziwa, hadi siku vilipobomolewa. Hawajaomba pesa za kaunti. Hata watu wa boda niliwauliza, nikidhani watakuwa na chuki, mmoja pale steji akaniambia mathe mtalii haendi na mimi kuangalia majengo, anaenda na mimi ufuo wa Dunga kula ngege, yaani samaki tilapia, hawa wakimaliza kumzungusha mjini ananikuta hapa, sasa chuki ya nini. Na stima yenyewe si ya kuagiza mafuta Mombasa, Sondu Miriu iko hapo tu kwa jirani, megawati 60 kutoka kwa maji ya mto wetu. Skuta moja inachajiwa usiku kwa pesa ambayo haifiki bei ya soda.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni zito, naliandika polepole.

Ziara yao inaishia chini, haipandi Jomo Kenyatta Highway kupita Kibuye kwenda upande wa hospitali kubwa. Hiyo hospitali tunayoiita Russia hadi leo kwa sababu Warusi ndio walisaidia kuijenga. Nikamwuliza kijana kwa nini hamfiki huko. Akaangalia chini. Akasema mama wageni wanauliza kilichotokea pale na mimi naogopa kusema vibaya.

Kilichotokea kimeandikwa. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakajibizana mbele ya umati, watu wakapiga kelele, na walinzi wakapiga risasi kwa umati na njiani msafara ukiondoka. Serikali ilisema waliokufa ni 11, watu wa hapa wamesema siku zote ni wengi zaidi ya hapo, na walikuwemo watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara kupungia mgeni mkono. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi kikapigwa marufuku na yeye akafungwa bila kesi. Mama yangu alikuwa na ndugu yake mdogo aliyekuwa amepangwa kwa hiyo barabara. Alirudi nyumbani, Mungu ni mkubwa, lakini hakuwahi tena maisha yake yote kusimama kando ya barabara kuangalia gari la mkubwa yeyote, hata la harusi.

Sasa huyu kijana wa skuta anaogopa. Anaogopa kwa sababu hajui kama nyinyi mtamruhusu aseme. Mwambieni anaruhusiwa. Mpangieni siku akae na wazee waliokuwepo, wako hai bado, si wengi, wako Kaloleni, wako Nyalenda, wako Manyatta, kila mwaka tunazika. Rekodini sauti zao, kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kinubi, kwa Kihindi, yeyote aliyeishi hapa. Wekeni kibao pale barabarani chenye tarehe. Hayo si matusi kwa mtu yeyote, ni yetu, na mgeni aliyelipa 800 anastahili kuyasikia kutoka kwa mtu wa hapa kwa sauti ya heshima kuliko kuyasoma peke yake usiku kwa simu kule hotelini.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Nimenakili maneno yote ya jiwe la mnara wa saa, nikayatafsiri kwa Kiswahili, nikayachapa, nikawapigia hao vijana fotokopi ishirini bila malipo na nikaziweka plastiki zisilowe. Ya reli na ya bandari naimalizia wiki hii, nimeomba mwalimu mmoja wa historia aniangalilie miaka nisije nikawapotosha. Ya Russia sitaiandika peke yangu, naona hiyo inahitaji wazee na inahitaji nyinyi.

Jumapili ijayo kundi linaondoka tena saa moja kamili asubuhi, uwanja ule wa karibu na stesheni. Wana skuta saba, tano za wateja. Nimezungumza nao wakubali kuzishikilia nne kwa ajili yenu hadi Ijumaa jioni, nimelipa mimi, kwa hivyo njooni, wa barabara mmoja, wa utalii mmoja, wa makumbusho mmoja, na huyo wa nne nyinyi wenyewe mchague. Vaeni viatu vya kufunga. Mkifika kona ya ule mtaro shukeni msukume kwa mkono, katoni bado iko hapo, na yule mama wa omena mtamkuta upande wa kushoto.

Mama wa fotokopi,
Kisumu